Trueno iliyokataa kuserereka: matairi na gia za AE86 katika Gran Turismo 7

Gari ni Toyota Sprinter Trueno 1600GT APEX ya mwaka 1983, ambayo wengi huiita kwa namba ya bodi yake tu, AE86. Gemu ni Gran Turismo 7. Uwanja ni Tsukuba, Japani, wenye urefu wa mita 2,045 kwa raundi moja. Mchezaji ni kijana anayetumia padi, hana usukani wa gemu, na mkono wake ni mzuri: mpe Nissan Silvia yenye turbo, ataunganisha kona mbili tatu kwa drifti, yaani kuserereka ubavu kwa makusudi, bila kulipoteza gari. Trueno ndiyo iliyomshinda.

Alichoeleza ni hiki. Akiingia kona kali ya kwanza kwa gia ya pili, mkia unatoka vizuri, lakini injini inapanda mara moja hadi kwenye kikomo cha mizunguko na kuanza kukatakata. Kabla hajafika katikati ya kona, matairi ya nyuma yanashika ghafla na gari linarushwa upande wa pili. Akiingia kwa gia ya tatu, mkia unatoka kidogo tu, injini inazama, na gari linajinyoosha lenyewe na kumaliza kona kana kwamba hakukuwa na drifti iliyokusudiwa. Alikuwa amelivalisha matairi ya daraja la Sports Medium mbele na nyuma, kwa sababu orodha ya gemu inayaweka matairi hayo juu ya Comfort na bei yake ni kubwa zaidi. Swali lake lilikuwa anunue turbo ipi.

Nilimwambia asinunue turbo yoyote kwanza. Injini ya AE86, ile 4A-GE ya lita 1.6, ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 130 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 149 kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika. Ni injini ndogo, lakini gari lenyewe lina takriban kilo 940 na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 2002 Katsuhiro Ueo alichukua ubingwa wa D1 Grand Prix, mashindano ya drifti ya Japani, kwa AE86, mwaka mmoja baada ya Nobuteru Taniguchi kuuchukua kwa Silvia S15. Gari la Ueo halikuwa la kiwandani, bila shaka, lakini linatosha kuonyesha kwamba bodi hii haina ugomvi na drifti. Turbo ingemfichia kijana tatizo lake: angepata moshi mwingi bila kujua kwa nini mwanzoni hakuupata, na gari linalofuata lingemrudisha palepale.

Yaliyoondolewa mezani kwanza

Kabla ya kugusa matairi nilitaka kujua kama hakuna kitu kingine kinachozima drifti. TCS, msaada wa gemu unaozuia matairi kuteleza, ilikuwa 0, na ASM, ule unaolituliza gari, imezimwa, vyema. TCS hata ikiwa kwenye 1 hupunguza mafuta pale matairi yanapoanza kupiga bure, yaani kuzunguka bila kushika lami, na kupiga bure ndiko tunakokutafuta. Gia alikuwa anabadilisha kwa mkono. Hilo nalo ni la lazima, kwa kuwa gia za kujibadilisha zinafuata mizunguko ya injini. Matairi yanapozunguka bure injini hupanda, na gemu inaingiza gia ya tatu katikati ya kona bila kukuuliza.

Kasoro niliyoikuta ilikuwa kwenye difu, kifaa kinachogawa mzunguko wa injini kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Alikuwa amebaki na ile ya kiwandani. Gari likiwa ndani ya kona, uzito huhamia upande wa nje, tairi la nyuma la ndani linabaki jepesi, na difu isiyofunga hulipa hilo jepesi mzunguko wote. Tairi la ndani linachoma, la nje linaendelea kushika barabara, na mkia unarudi mahali pake. Nilimwomba aweke difu inayorekebishwa yote na kupandisha ufungaji wa wakati wa kukanyaga mafuta hadi mwisho, ambao katika gemu hii ni 60. Hesabu zote zilizo hapa chini zinadhani matairi mawili ya nyuma yanaserereka pamoja. Bila difu iliyofungwa hazina maana.

Difu ilimsaidia, lakini haikumponya. Mkia sasa ulitoka kwa uhakika zaidi, na ukarudi kwa uhakika uleule.

Gurudumu lina kasi yake

Wachezaji wengi, hata wazuri, huchagua gia kwa kuangalia kasi ya gari kwenye skrini. Kwa mbio za kawaida ni sawa. Kwa drifti ni kosa, kwa sababu injini haijui gari linakwenda kasi gani. Inajua tu gurudumu la nyuma linazunguka kasi gani, na katika drifti hivyo viwili vimeachana.

Chukua kona kali ya kwanza ya Tsukuba. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, likiwa limelala pembe ya digrii 35 kutoka kwenye mwelekeo wa safari. Ukiigawa kasi hiyo, kama kilomita 49 kwa saa zinakwenda kule pua inakoelekea, na kama 34 zinakwenda ubavuni. Sasa gurudumu la nyuma lazima lizunguke kwa kasi kubwa kuliko hizo 49, vinginevyo halipigi bure, linabingirika tu. Kwa drifti iliyotulia katika kona hii, mimi hulenga gurudumu lizunguke kama linakwenda kilomita 85 kwa saa. Ziada ya 36 ndiyo inayoiacha lami ikiteleza chini yake.

Kwa nini ziada hiyo ni muhimu namna hiyo? Ukiburuta gunia la mahindi sakafuni, kulianzisha ni kazi, lakini likishakuwa mwendoni unaweza kulisogeza pembeni kwa mguu mmoja. Tairi ni vilevile. Msuguano wake ni mmoja tu, na unaelekea kinyume na mahali linakoteleza. Kadiri unavyoliburuta zaidi kwa injini kuelekea mbele, ndivyo sehemu kubwa ya msuguano inavyotumika huko, na inayobaki ya kuzuia mkia usitoke ubavuni inapungua. Ukiacha mafuta, msuguano wote unarudi kazi ya kuzuia ubavu, na hapo ndipo gari linaporushwa upande wa pili. Yale aliyoyaita kushika kwa ghafla si ajali wala hitilafu ya gemu. Injini ilipogonga kikomo na kukatakata, iliacha kuburuta.

Hivyo swali halisi lina sehemu mbili. Kuburuta huko kunagharimu kiasi gani? Na injini hii inaweza kulipa?

Matairi huamua gharama

Nilifanya naye hesabu kwa kalamu, na ninaiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyombadilisha mawazo.

Gari na dereva ni kama kilo 1,010. Karibu asilimia 47 ya uzito huo iko nyuma, yaani kilo 475, ambazo zinakandamiza lami kwa kani ya niutoni 4,660 hivi. Tuchukue tairi lenye mshiko mkubwa, msuguano wa 1.0, kama mfano. Kani yote ambayo matairi ya nyuma yanaweza kutoa ni hizo 4,660. Katika drifti yetu, kilomita 36 za kupiga bure na 34 za ubavuni, karibu asilimia 72 ya kani hiyo inaelekea mbele na injini ndiyo inayoilipa: niutoni 3,370.

Nguvu ni kani mara kasi ya gurudumu. Gurudumu lenye kasi ya kilomita 85 kwa saa linakwenda mita 23.6 kwa sekunde, hivyo bili ni kilowati 80. Farasi 130 ni kilowati 95.6, na baada ya giaboksi, propela shafti na difu kuchukua chao, tuseme zinabaki 84 kwenye magurudumu. Yaani kwa matairi ya mshiko mkubwa, drifti ya kona kali inamtaka dereva atumie karibu nguvu yote ya injini, na aitumie palepale kwenye kilele chake. Kosa dogo la kidole kwenye padi na salio limekwisha.

Kona ya mwisho ya Tsukuba, ile ndefu ya kasi, ndiyo mbaya zaidi. Weka gari kilomita 90 kwa saa, pembe ya digrii 25, na magurudumu yakizunguka kwa 115. Sehemu inayolipwa na injini ni kama asilimia 66, yaani niutoni 3,080, mara mita 32 kwa sekunde. Ni kilowati 98. Injini haina. Hakuna gia katika giaboksi lolote duniani itakayoleta kilowati 98 kutoka kwenye 84, kwa kuwa gia haziongezi nguvu. Hubadilisha kasi kuwa kani, au kani kuwa kasi.

Hapa ndipo nilipotaka afike. Alikuwa ametafuta dawa kwenye injini na kwenye gia, wakati bili yenyewe ilikuwa imeandikwa na matairi. Shusha msuguano hadi 0.75 katika mfano huohuo, na kona kali inataka niutoni 2,530 badala ya 3,370, sawa na kilowati 60. Kona ya mwisho inashuka hadi kilowati 74. Zote mbili ziko ndani ya uwezo wa farasi 130, tena na akiba ya kusahihisha makosa.

Katika Gran Turismo 7, kushusha msuguano maana yake ni kuyaacha matairi ya Sports na kwenda Comfort Hard, ya chini kabisa kwa mshiko kati ya yale ya lami. Najua yanachukiwa. Mtu akizoea mbio za muda, Comfort Hard huonekana kwake kama adhabu, gari linaelea na breki zinachelewa. Lakini kwa gari lisilo na nguvu ndiyo matairi sahihi, na siyo kwa kukosa mengine. Madereva wa Japani waliokuwa wakipanda milima usiku kwa magari ya aina hii walifunga nyuma matairi ya bei rahisi au yaliyokwisha kwa sababu hiyohiyo, mbali na ile ya mfuko.

Kuhusu mbele nilikuwa na msimamo, na bado ninao. Utaona wengi wakishauri Racing au Sports Soft mbele na Comfort Hard nyuma, ili pua ikamate. Gemu inaruhusu kutofautisha mbele na nyuma, na ndiyo, pembe kubwa inapatikana haraka. Lakini tofauti ikiwa kubwa mno, pua inauma lami wakati mkia hauna kitu, na gari linazunguka lote kabla kidole hakijageuza usukani upande wa pili. Mwenye usukani halisi na mikono yenye kasi anaweza kulidaka. Mwenye padi, mara chache. Nilimpa Comfort Medium mbele na Comfort Hard nyuma, ngazi moja tu ya tofauti. Inatosha pua kufuata amri na inamwachia muda wa kufikiri.

Alipotoka tena na matairi hayo, bila kubadili gia hata moja, gia ya pili ilimpeleka hadi katikati ya kona kali kwa mara ya kwanza. Kisha ikagonga kikomo kama zamani. Alivunjika moyo. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa ugonjwa uliobaki ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa gia.

Gia huamua kama malipo yatafika

Gia za kiwandani za AE86 ni 3.587, 2.022, 1.384, 1.000 na 0.861, na uwiano wa difu ni 4.300. Tairi la 185/60R14 lina mzingo wa mita 1.81 hivi. Ukizidisha mizunguko ya injini kwa mzingo huo na kwa 60, ukagawa kwa 1,000, kisha ukagawa kwa gia mara difu, unapata kasi ya gurudumu kwa kilomita kwa saa. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanya hivyo.

Kwa kikomo cha mizunguko 7,500, gia ya pili inaishia kilomita 94 kwa saa. Ya tatu inaishia 137. Tunataka 85. Katika gia ya pili, 85 ni mizunguko 6,790, na pengo hadi kikomo ni kilomita 9 tu za kasi ya gurudumu. Matairi yanayopiga bure yanalimaliza pengo hilo kufumba na kufumbua. Katika gia ya tatu, 85 ni mizunguko 4,650, chini ya kilele cha toki. Hata injini ingetoa Nm 149 zote pale, baada ya upotevu wa asilimia 12 kani inayofika chini ni niutoni 2,700, dhidi ya 2,530 zinazotakiwa. Salio la 170. Usukani ukizidi kidogo, au gari likikanyaga ukingo wa barabara, salio limekwenda na injini inazama.

Kona hii, basi, ilikuwa imeangukia katikati ya gia mbili. Pili ni fupi mno, tatu ni ndefu mno. Dalili zote mbili alizozieleza mwanzoni, kukatakata na kuzama, ni sura mbili za pengo hilo moja.

Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ni kurefusha gia ya pili ili 85 ikae katikati yake. Ya pili ni kufupisha difu, yaani kuweka uwiano wenye namba kubwa zaidi, ili gia ya tatu ishuke hadi kwenye 85. Nilichagua ya pili, na sababu yangu si hesabu pekee. Baada ya kona kali ya kwanza inakuja kona ya Dunlop, inayopinda upande mwingine na kwa kasi kubwa zaidi. Dereva aliye kwenye gia ya pili atalazimika kubadilisha gia wakati uleule anapogeuza gari kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Kwa kidole kimoja kwenye mafuta, kingine kwenye kitufe cha gia na cha tatu kwenye usukani mdogo wa padi, hapo ndipo drifti nyingi hufia. Gia ya tatu ikifika chini ya kutosha, anavuka sehemu yote hiyo bila kugusa gia.

Wenye AE86 halisi hufanya hivihivi, na 4.778 ni uwiano wa difu unaojulikana sana kwao. Nikauchukua. Gia ya tatu sasa inaishia 123, na 85 inakaa kwenye mizunguko 5,160, yaani juu kabisa ya kilele cha toki. Kani inapanda hadi niutoni 3,000. Salio lililokuwa 170 limekuwa 470, kutoka kwa injini ileile. Na pande zote mbili kuna nafasi: kasi ikishuka, toki ya 4A-GE haianguki mara moja, na ikipanda kuna kilomita 38 kabla ya kikomo.

Tulijaribu pia 5.125, kwa kuwa kani yake ni kubwa zaidi, kama niutoni 3,220. Kona kali ilikuwa tamu mno. Lakini gia ya tatu iliishia 115, na akitoka Dunlop injini ilikuwa tayari inapiga kelele kwenye kikomo. Kwa uwanja wenye kona fupi tupu ningeibakiza. Kwa Tsukuba nzima, hapana.

Jambo moja la gemu yenyewe linalowapotezea watu kazi yao: kwenye ukurasa wa gia kuna kipimo cha kasi ya juu kinachopanga gia zote kwa pamoja. Ukikigusa baada ya kupanga gia moja moja, kinazifuta ulizopanga. Kiguse kwanza kama unakihitaji, kisha weka difu, kisha gia moja moja, na usirudi nyuma.

Kona ya mwisho

Sehemu ya kwanza ya uwanja ilikubali baada ya kubadili uwiano wa difu. Kona ya mwisho ilikataa. Aliingia kwa gia ya tatu akiwa na kasi kubwa kutoka kwenye mnyoofu wa nyuma, magurudumu yakafika 115 na zaidi, na kikomo cha 123 kilikuwa mlangoni. Akapandisha gia ya nne, injini ikazama. Nilitegemea hivyo. Gia ya nne ya 1.000 kwa difu ya 4.778 inatoa niutoni 2,170 kwa ubora wake, na hesabu yetu ya kona ile ilitaka 2,310.

Hapa uhuru wa gemu una thamani. Kwenye gari halisi, kubadilisha gia moja ndani ya giaboksi ni fedha na fundi. Kwenye skrini ni kusogeza kipimo. Tuliacha gia ya tatu kwenye 1.384 na kuisogeza ya nne hadi 1.120. Kani ikapanda hadi 2,430, na 115 ikakaa kwenye mizunguko 5,650. Gia inaishia 152, kasi ambayo gurudumu halitaifikia kwenye kona ile. Kilichonifurahisha zaidi ni mruko wenyewe. Akipandisha kutoka tatu kwenye mizunguko 7,300, anatua kwenye 5,900 badala ya 5,275. Injini inabaki hai, matairi hayapati nafasi ya kushika wakati wa kubadilisha, na mkia hauyumbi.

Gia ya kwanza na ya pili hatukuzigusa. Ya pili inaishia 84 sasa, na kazi yake ni kumtoa kwenye uzio anapokosea. Ya tano haitumiki kabisa.

Muhimu zaidi kuliko namba hizo ni jinsi mkono wake ulivyobadilika. Alikuwa amezoea kukanyaga mafuta yote na kuyaacha yote, kwa kuwa gari la awali halikumpa kitu cha kati. Salio la kani lilipoongezeka, kidole kilianza kufanya kazi kwenye nusu ya pili ya kitufe: mafuta kidogo zaidi, mkia unatoka, kidogo pungufu, unarudi. Hapo ndipo drifti ilipogeuka kuwa uendeshaji. Pia aliweza kushusha msaada wa kugeuza usukani kinyume kutoka kiwango kikali hadi dhaifu, jambo ambalo hakulithubutu alipokuwa kwenye Sports Medium, kwa sababu kule mkia ulirudi haraka kuliko kidole.

Anayetaka kuhamishia hesabu hii kwenye gemu nyingine aangalie majina. Assetto Corsa, kwa mfano, haina Comfort wala Sports. Ina matairi ya Street, ya Street 90s yenye mshiko mdogo zaidi, na ya Semislicks yenye mshiko mkubwa. Kwa AE86 mimi huenda moja kwa moja kwenye yale ya mshiko mdogo. Na ukibadilisha rimu, pima mzingo upya kabla ya kuamini gia: 195/50R15, saizi inayofungwa sana kwenye gari hili, inatofautiana na 185/60R14 kwa milimita chache tu za mzingo, lakini si kila saizi ina adabu hiyo.

Baada ya haya kijana ameanza kuitazama upya ile Silvia, na alitaka kuivalisha Comfort Hard vilevile. Kwa hilo nilimzuia. S15 spec-R ya kiwandani ina farasi 250 na uzito wa kilo 1,240 hivi. Ukifanya hesabu ya kona ya mwisho kwa msuguano wa 1.0, inataka kama kilowati 122, na magurudumuni inazo karibu 160. Injini inalipa bili ya matairi ya mshiko mkubwa na inabakiwa na akiba. Kwa gari hilo, Comfort Hard ni kutupa kasi, na majaribio ya drifti ya Gran Turismo yanahesabu kasi pamoja na pembe. Tumeanza na Comfort Soft nyuma, Sports Hard mbele, na mpango wa kupanda ngazi moja nyuma mkono wake ukiruhusu. Gia zake za kiwandani, 1.541 na 1.213 kwa ya tatu na ya nne, tayari ziko karibu. Ukipandisha kwenye mizunguko 7,000 unatua 5,500, na turbo haipati muda wa kulala. Difu yake ya 3.692 sijaona sababu ya kuigusa.